Zilipendwa Ambazo Hazikuwahi Kupendwa

Mtangazaji akisema "zilipendwa", msikilizaji anajua kinachokuja: gitaa lililolainishwa na miaka, sauti ya mtu ambaye huenda ameshafariki, na kumbukumbu za harusi ya mtu fulani. Neno lenyewe linatoa ushahidi kabla wimbo haujaanza. Zamani kulikuwa na watu, watu hao walizipenda nyimbo hizi, nasi tunawarithi. Sasa nifanyeje na santuri ya roki ya mwaka 1972 iliyouzwa nakala mia chache, nyingine zikaishia bohari, ambayo leo nikiisikiliza usiku na hedifoni usingizi unakata? Haikupendwa. Wala haikuchukiwa. Sarufi yetu haina rafu ya kuiweka.

Santuri za namna hiyo siku hizi ni nyingi kuliko muda wa kuzisikiliza. Lebo ndogondogo zinatoa upya kazi za bendi za kati ya mwaka 1970 na 1975 ambazo hata wapenzi wakubwa wa roki hawakuwahi kuzisikia, na kila moja inakuja na maelezo yaleyale: hawa jamaa walikuwa mbele ya wakati wao. Sentensi hiyo imenichosha. Inamtukana msikilizaji wa zamani kwamba alikuwa na masikio mabovu, na kutusifu sisi wa leo kwamba yetu ni mazuri, ilhali ushahidi wa lolote kati ya hayo haupo. Nikifuatilia bendi hizi moja baada ya moja, naona jambo la kawaida zaidi, na la kuudhi zaidi. Nyingi hazikusahauliwa, kwa sababu mtu hasahau asichowahi kukisikia. Kati ya studio na sikio kuna mkataba, lori, bohari, kituo cha redio, bei ya mafuta na, mahali pengine, mwanajeshi. Bendi zilifia njiani humo.

Big Star wa Memphis ndio mfano ambao kila mtu huanza nao, nami nitaanza nao pia, kwa kuwa kesi yao imekamilika kama jalada la polisi. Alex Chilton hakuwa mgeni wa umaarufu. Mwaka 1967, akiwa na miaka 16, ndiye aliyeimba "The Letter" ya The Box Tops, wimbo ulioshika namba moja Marekani. Yeye, Chris Bell, Andy Hummel na Jody Stephens wakarekodi albamu ya kwanza katika studio za Ardent, ikatoka mwaka 1972 kwa jina la #1 Record, jina ambalo sasa linachekesha na kuumiza kwa pamoja. Wachambuzi waliisifu mno. Lakini Ardent ilitegemea kusambaziwa santuri zake na Stax, kampuni ya muziki wa soul ya mji uleule, ambayo njia zake za kuuza hazikuwa zile za roki ya gitaa. Stax nayo ikaingia mkataba wa usambazaji na kampuni kubwa ya Columbia, na albamu ikakwama katikati ya hao wawili. Msomaji wa majarida alisoma sifa, akaenda dukani, akaambiwa haipo.

Jambo moja katika kisa hiki hunifanya nicheke kila ninapolikumbuka. Mwezi Mei 1973 Ardent walisaidia kuandaa mkutano wa waandishi wa muziki wa roki pale Memphis, na Big Star, ambao walikuwa wameshavunjika nusu baada ya Bell kuondoka, wakapanda jukwaani kuwatumbuiza. Ukumbi ulijaa watu waliokuwa wakipewa santuri bure. Wakashangilia, wakacheza, wakarudi makwao kuandika sifa nyingine. Albamu ya pili, Radio City, ikatoka mwaka 1974 na kupita njia ileile ya kwanza. Ya tatu ikarekodiwa mwaka huo, ikakosa mtu wa kuitoa hadi 1978. Stax walikuwa wameshafilisika tangu mwisho wa 1975. Desemba 1978 Bell akafa katika ajali ya gari akiwa na miaka 27.

Hapo hakuna msikilizaji hata mmoja wa kumlaumu. Jury ilikaa, shauri lilikuwa zuri, ila karatasi ya hukumu ilipotea kwa karani.

Nchini Uingereza tatizo lilikuwa kinyume chake, yaani wingi. Kufikia mwaka 1970 albamu nzima ilikuwa imeuzidi nguvu wimbo mmoja mmoja, na kampuni kubwa zikagundua kwamba wazee wa ofisini hawajui tena vijana wanataka nini. Zikafungua lebo za pembeni na kuwaachia vijana wenye nywele ndefu: Philips wakawa na Vertigo, EMI wakawa na Harvest, Decca wakawa na Deram, Pye wakawa na Dawn, RCA wakawa na Neon. Kurekodi kulikuwa rahisi. Black Sabbath walirekodi karibu albamu yao yote ya kwanza kwa siku moja, Vertigo wakaitoa Ijumaa tarehe 13 Februari 1970, ikawa mgodi wa dhahabu. Ukishapata Black Sabbath kwa gharama ya siku moja ya studio, kwa nini usitupe nyavu mara nyingine ishirini? Ndiyo maana katika orodha ileile ya Vertigo, chini ya chapa ileile ya duara jeusi na jeupe linalokuzungusha macho santuri inapozunguka, unawakuta Cressida, Gracious!, May Blitz, Affinity na Dr. Z. Walitupwa sokoni kama mbegu juu ya mwamba. Hakuna aliyewamwagilia maji, na wasipoota mwezi wa kwanza, kampuni inahamia kwa wengine.

Lazima niseme jambo litakalowaudhi wakusanyaji wa santuri. Sehemu kubwa ya mbegu hizo isingeota hata kwenye shamba la mboji. Nimesikiliza nyingi. Kuna ogani inayopiga solo ya dakika nane kwa sababu tu hakuna aliyethubutu kumwambia mpigaji anyamaze. Kuna filimbi. Kuna mashairi ya majoka na minara yaliyoandikwa na mtu aliyesoma kitabu kimoja. Soko la santuri adimu limetufundisha kuchanganya uchache na ubora, na hilo ni kosa la hesabu. Santuri huwa adimu kwa sababu haikuuzwa, na moja ya sababu za kutouzwa ni kuwa mbaya. Mwenye kulipa mamilioni kwa nakala ya mwanzo ana kila sababu ya kukuambia muziki ni wa ajabu. Mwulize aliyeisikiliza bure.

Ndipo penye utamu lakini. Katikati ya majoka na minara unakutana na Leaf Hound. Albamu yao, Growers of Mushroom, ilitolewa na Decca mwaka 1971, wakati bendi imeshasambaratika, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kwenda kuipiga jukwaani. Riffu zake, yaani vipande vya gitaa vinavyorudiwarudiwa, ni vizito na safi, mwimbaji Peter French ana koo la kushindana na yeyote wa zama zile, na hakuna sekunde iliyopotezwa. Ukiiweka kando ya santuri za wakubwa wa mwaka uleule haioni haya. Mtu hawezi kuisikiliza akasema historia ilichagua kwa haki. Historia haikuchagua chochote. Bendi ilivunjika, santuri ikatoka, basi.

Kisha ikaja mafuta. Santuri ni plastiki, na plastiki ile hutokana na petroli. Vita vya Oktoba 1973 kati ya Waarabu na Israeli vilipozaa mgogoro wa mafuta, viwanda vya santuri vilikumbwa na uhaba wa malighafi, na kampuni zikaanza kuchagua nani apewe plastiki. Bila shaka alipewa anayeuza. Nakala mpya za bendi yenye mashabiki mia tatu hazikuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Watu hupenda kusema roki ya majaribio ilikufa kwa sababu ladha ilibadilika. Ladha ilibadilika kweli, lakini ilisaidiwa na mhasibu.

Hadi hapa nimezungumzia mahali ambapo njia ilikuwa mbovu. Fanny wananilazimisha nikiri kwamba kufika dukani pekee hakukutosha. Dada wawili, June na Jean Millington, wazaliwa wa Manila waliokulia California, waliongoza bendi ya wanawake iliyosainiwa na Reprise na kutoa albamu ya kwanza mwaka 1970. Walikuwa miongoni mwa bendi za kwanza kabisa za wanawake watupu kutoa albamu kwa kampuni kubwa. Usambazaji ulikuwepo, ziara zilikuwepo, na wimbo "Charity Ball" uliingia 40 bora za Marekani mwaka 1971. Watu walikuja kuwaona. Neno ni hilohilo, kuwaona. June anaungurumisha gitaa, Jean anapiga besi inayotembea kama mtu mwenye haraka, na ukumbini kuna watu wanaosubiri waone kama kweli ni wao wanaopiga. David Bowie alikuja kulalamika mwaka 1999 kwamba bendi nzuri kiasi kile imefutwa kabisa kwenye kumbukumbu. Alikuwa sahihi. Santuri zao zilifika hadi masikioni na kukuta mlango umefungwa kwa ndani.

Nimekaa sana upande mmoja wa dunia. Kisa kinachonikaa moyoni kuliko vyote ni cha Zambia, na si kwa sababu ya ujirani wa lugha tu, ingawa ujirani huo una raha zake. Mwanzoni mwa miaka ya sabini Zambia ilikuwa nchi changa yenye shaba. Uhuru ulipatikana mwaka 1964, shaba ilikuwa zaidi ya asilimia 90 ya mauzo ya nje, na miji ya Ukanda wa Shaba ilikuwa na vijana wenye mishahara, redio na gitaa za umeme. Rais Kenneth Kaunda aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Nia ilikuwa kufufua muziki wa nyumbani. Vijana waliolelewa na Rolling Stones na Jimi Hendrix wakajibu kwa namna ambayo pengine Mzee hakuitarajia: wakapiga roki yao wenyewe, kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja, wakaiita Zamrock.

WITCH ndio waliokuwa vinara. Jina ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tumekusudia kuleta vurugu". Mwimbaji wao Emanuel Chanda aliitwa Jagari, kutokana na Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Kulikuwa na Amanaz, walioacha albamu moja, Africa, ya mwaka 1975. Kulikuwa na Paul Ngozi na kundi lake la Ngozi Family. Msomaji wa Kiswahili asicheke: hii si ngozi ya mwilini, kwa Kinyanja ngozi ni hatari au ajali, na gitaa la Paul Ngozi linathibitisha tafsiri hiyo ndani ya sekunde tano. Amanaz nao wana wimbo uitwao "Khala My Friend", na khala ni kaa yetu, neno lilelile lililobaki na konsonanti ambayo sisi tuliiangusha njiani. Kaa, rafiki yangu. Unausikiliza mara ya kwanza na tayari neno moja ni lako.

Na kulikuwa na Musi-O-Tunya, bendi ya Rikki Ililonga, iliyokaa Kenya kwa muda na kurekodi Nairobi. Jina la bendi ni lile la maporomoko ya Mto Zambezi, moshi unaonguruma, maporomoko ambayo David Livingstone aliyaona mwaka 1855 na kuyapa jina la malkia wake, kana kwamba yalikuwa yakisubiri kubatizwa. Nashindwa kulipita hilo kimya. Miaka mia moja na zaidi baadaye, bendi yenye jina la maporomoko hayo nayo imetangazwa kuwa "imegunduliwa", mara hii na wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani. Vijana wa Kitwe na Lusaka waliowajazia WITCH kumbi mpaka watu wakabaki nje hawakuhitaji kugundua kitu. Walikuwepo.

Kwa hiyo tukisema Zamrock ilisahauliwa, lazima tuulize na nani. Dunia ya nje haikuijua kamwe. Nyumbani ilipendwa, tena kwa nguvu, kisha ardhi ikazama chini ya miguu yake. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya sabini. Fedha za kigeni zikaadimika, na bila fedha za kigeni hakuna nyuzi za gitaa, hakuna vipuri vya amplifaya, hakuna santuri. Disko ikaingia. Kisha katika miaka ya themanini na tisini UKIMWI ukawachukua wanamuziki mmoja baada ya mwingine, hata Jagari akabaki peke yake katika wale walioanza naye WITCH. Aliacha muziki, akawa mchimbaji wa madini ya vito. Hapa ile hoja ya "mbele ya wakati wao" inakuwa karibu matusi. Wakati wao walikuwa nao. Walinyang'anywa.

Kwingineko mnyang'anyi alivaa sare. Mexico, tamasha la Avándaro la tarehe 11 na 12 Septemba 1971 lilikusanya malaki ya vijana kuwasikiliza bendi kama Dug Dug's, Peace and Love na Three Souls in My Mind. Serikali ilishtuka. Roki ikafungiwa redioni na majukwaani, ikajificha kwenye magofu na maghala ya pembezoni mwa jiji. Korea Kusini, Shin Joong-hyun, baba wa gitaa la roki nchini humo, alikataa kumtungia Rais Park Chung-hee wimbo wa sifa. Mwaka 1975 alikamatwa kwa kesi ya bangi, akateswa, na nyimbo zake zikapigwa marufuku hadi Park alipouawa mwaka 1979. Kambodia ni habari nyingine kabisa. Phnom Penh ilikuwa na roki ya kusisimua, iliyochochewa na redio ya majeshi ya Marekani iliyosikika kutoka Vietnam ya jirani. Tarehe 17 Aprili 1975 Khmer Rouge, wapiganaji wa kikomunisti, waliingia mjini na kushika utawala. Sinn Sisamouth na Ros Serey Sothea, waliopendwa kuliko waimbaji wote, waliangamia, pamoja na wengi waliopiga nyuma yao. Neno "kusahauliwa" halina kazi hapo. Waliosalimika walizikumbuka nyimbo hizo kwa sauti ya chini, kwani kuzikumbuka kwa sauti kubwa kulikuwa hatari.

Kambodia ndiyo inayonirudisha kwenye swali la wanaogundua. Mwaka 1996 ilitoka Marekani santuri ya mkusanyiko wa nyimbo hizo, zilizotolewa kwenye kanda zilizonunuliwa sokoni Kambodia. Muziki ulikuwa moto. Kwenye jalada hapakuwa na jina la mwimbaji hata mmoja, wala la wimbo. Wasikilizaji wa Marekani walizipenda kwa miaka bila kujua wanampenda nani, mpaka wenye lugha yao walipojitokeza na kusema huyu ni fulani, na huyu ni fulani. Naelewa furaha ya aliyezileta, na bila yeye huenda nisingezisikia. Lakini waimbaji waliouawa na utawala uliofuta majina, kisha wakafufuliwa bila majina, wamefutwa mara mbili.

Na pesa je? Mirabaha ni neno ambalo halimo katika hadithi nzuri za ugunduzi. Rodriguez wa Detroit, ambaye hakuwa bendi ila kisa chake kinatufaa, alitoa albamu mbili mwaka 1970 na 1971, zikafa Marekani. Afrika Kusini zikauzwa kwa wingi, vijana wakazikariri, wakaamini mwenyewe amekufa jukwaani, huku yeye akifanya kazi za kubomoa na kukarabati nyumba mjini kwao bila kujua chochote. Mwaka 1998 akaenda kuwaimbia. Filamu iliyosimulia hayo ilipata Oscar mwaka 2013, na ni filamu ya kutoa machozi. Ila iliruka jambo moja: Rodriguez alikuwa ameshafanya ziara Australia mwaka 1979 na 1981, mbele ya mashabiki waliojua nyimbo zake. Mtu aliyefanya ziara mbili hajapotea vizuri. Hadithi ilimtaka apotee kabisa, basi Australia ikakatwa. Na lile swali la nani alikula fedha za mauzo ya Afrika Kusini linaulizwa katikati ya filamu, kisha tunahamia kwenye makofi.

Ndiyo maana naipima lebo ya kutoa upya kwa vitu vya kuchosha. Je, imemtafuta mwenye kazi au watoto wake? Je, mkataba upo? Je, majina ya wapigaji yameandikwa, hadi mpiga tumba? Kwa upande wa Zamrock kazi hiyo imefanywa vizuri kuliko kwingi. Now-Again ya California iliwafuata wanamuziki waliobaki, ikaandika historia yao kwa urefu, na Jagari akatoka machimboni, akapanda majukwaa ya Ulaya na Marekani akiwa na umri wa babu, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya. Mwaka 2024 rapa Tyler, the Creator alichukua kipande cha "Nizakupanga Ngozi" cha Ngozi Family akakijenga ndani ya wimbo wake "Noid". Mamilioni ya vijana wasiojua Lusaka iko wapi wakajikuta wanaimba Kinyanja. Paul Ngozi hakuishi kuliona hilo.

Wako pia waliojigundua wenyewe. Ndugu watatu wa Detroit, David, Bobby na Dannis Hackney, weusi katika mji wa Motown, lebo maarufu ya soul, walianza na funk, wakahamia kwenye roki ya kasi ya kutisha, wakaiita bendi yao Death. Mwaka 1975 walirekodi nyimbo saba. Columbia walivutiwa, kwa sharti la kubadilisha jina. David akakataa. Wakatoa wenyewe nakala 500 za santuri ndogo, hazikwenda popote, na Bobby na Dannis wakaishia Vermont wakipiga rege. Kabla ya kufa kwa saratani mwaka 2000, David alimkabidhi Bobby kanda za studio, akamwambia azitunze, siku moja dunia itakuja kuziulizia. Miaka ikapita, na mtoto wa Bobby akasikia santuri ile ndogo ikipigwa kwenye sherehe ya wakusanyaji, akaitambua sauti ya baba yake. Mwaka 2009 albamu ikatoka.

Nilipousikia mwisho wa kisa hicho mara ya kwanza, kilichonigusa zaidi ya ule unabii ni kwamba kanda zilikuwepo. Zilikaa darini, hazikuliwa na unyevu, hakuna aliyezirekodia mahubiri juu yake. Bendi ngapi zilikuwa na David wao lakini dari lao likavuja? Tunachokiita ugunduzi ni hesabu ya vilivyobaki. Ubora unaingia baadaye, na unaingia kwa mlango wa nyuma.

Kanda ya studio isipopatikana, ambayo ndiyo hali ya kawaida kwa santuri nyingi za aina hii, wanaotoa upya hutafuta nakala bora ya santuri yenyewe, wanaweka sindano, wanarekodi upya kutoka hapo. Mafundi husafisha kelele, lakini zote hazitoki. Ninayo moja ya namna hiyo. Sekunde mbili za mwanzo ni mchakarisho kama chumvi inayomwagika kwenye karatasi, ndipo besi inaingia. Upande wa kwanza ni safi kiasi cha kudanganya. Upande wa pili, wimbo wa tatu, unaanza mlio mdogo, tik, kisha tik, ukirudi kila santuri inapomaliza mzunguko, mara thelathini na tatu kwa dakika, kama kisigino cha mtu anayetembea chumba cha pili. Gitaa linapopanda, sauti inapasuka kidogo pembeni. Mifereji imelika pale. Wimbo wa nne ni safi tena.

Wakusanyaji hulipa bei ya juu kabisa kwa nakala isiyo na mkwaruzo, yaani ile ambayo mwenyewe aliinunua, akaisikiliza mara moja, asiipende, akairudisha kwenye jalada kwa miaka hamsini. Hii iliyochakaa haina bei. Mkwaruzo wa namna ile hautokani na kuiangusha santuri sakafuni. Unatokana na kunyanyua sindano na kuirudisha mwanzo wa wimbo uleule, jioni baada ya jioni, labda na mkono uliotetemeka kidogo.

Naurudia wimbo wa tatu. Tik. Tik. Tik.